Goti Lililoumia Baada ya Mechi

Kriketi niliingia kwa sababu ya rede. Mtaani kwetu Temeke wasichana tulichezaga rede kila jioni: wawili wanasimama pande mbili, mmoja anakwepa katikati, na mpira wa soksi unarushwa kwa nia ya kuumiza. Mie nilikuwa naumiza kwelikweli. Nilipofika darasa la saba, wenzangu walikuwa wanakataa kusimama katikati mpaka niape kwamba nitarusha kwa mkono wa kushoto, na muda si muda mkono wa kushoto nao ukaanza kulalamikiwa.

Kwa hiyo nilipokuwa kidato cha pili, siku alipokuja shuleni kwetu mzee mmoja na pikapu yenye mfuko mkubwa wa turubai, akauliza ni msichana gani anaweza kurusha kitu kikaenda pale anapotaka, darasa zima liligeuka kunitazama. Sikuwahi kutazamwa na darasa zima kwa jambo la heri. Nikasimama kabla sijaitwa.

Mzee huyo ndiye aliyekuwa kocha wangu. Alikuwa Mwarabu wa Kinondoni, wa familia iliyouza vipuri vya magari tangu enzi za babu yake, mtu wa makubazi na kofia ya kufuma, aliyeipenda kriketi kiasi kwamba kila Jumatano na Jumamosi duka alimwachia mkewe. Alichomeka vijiti vitatu mwisho wa uwanja, akanipa mpira mwekundu mgumu kama jiwe.

"Haya mwanangu, vile vijiti viangushe. Ila mkono usikunje. Ukikunja kiwiko hiyo si kriketi tena, ni vita."

Mpira wa kwanza ulipiga taa ya pikapu yake. Wa pili uliangusha vijiti. Wa tatu pia. Alikwenda kuikagua taa, akarudi anatabasamu, akaniuliza jina.

Baadaye akagundua kwamba vidole vyangu vinauzungusha mpira. Ulikuwa ukigusa chini unageuka, unamwacha mpigaji amepiga upepo. Akaniuliza vidole hivyo nimevipata wapi. Nikamwambia nyumbani mie ndiye msukuma chapati. Sijui kama chapati zilihusika, lakini alifurahi mno, akawa anawasimulia watu, na mie nikaacha iwe hivyo. Tabia yangu ya kuacha mambo yawe hivyo nadhani ilianzia hapo.

Nyumbani hawakuelewa. Baba, karani aliyehamia mjini kutoka Njombe, aliniuliza kama mchezo huo una mtihani wa taifa. Nikasema hauna. Akarudi kwenye gazeti lake. Mama mambo yalimwia magumu zaidi, maana siku moja nilirudi nikiruka kwa furaha, nikamwambia, "Mama, kocha kanipa gongo langu mwenyewe!" Alikaa chini kwenye kigoda. Kwa mama yangu gongo lilikuwa kinywaji kimoja tu, kile kinachopikwa kwa kujificha. Ilibidi nikimbie nikamletee lile la mbao, la kupigia mpira, alishike, alinuse, ndipo akapumua.

Nilipomaliza kidato cha sita nikaitwa timu ya taifa ya wanawake. Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa nchi jirani. Tulikwenda kwa basi, tukafika miguu imevimba, na kesho yake nikawatoa wapigaji wanne wa wenyeji. Wanne! Mmoja wao aliutazama mpira ulivyogeuka, akanitazama mie, akautazama tena mpira kama mtu aliyetukanwa. Tulirudi nyumbani nikiwa nusu mtu nusu sanamu. Gazeti moja liliniandika, ingawa jina walilikosea, na picha waliyoweka ilikuwa ya mgongo wa mchezaji mwenzangu. Baba aliikata hata hivyo, akaibandika sebuleni. Wageni wakija anawaonyesha ule mgongo: "Huyu ni binti yangu."

Hapo ndipo nilipoharibika. Nilinunua miwani ya jua, nikawa naivaa mpaka ndani ya duka. Nikajifunza kujibu maswali polepole, kama mtu anayetafsiriwa. Na nikaanza kutengeneza mpira wangu wa siri. Mpira huu ulitoka ubavuni mwa kidole cha tatu, na kwa mahesabu yangu ungegeuka kulia wakati mkono unaonyesha kushoto. Niliufanyia mazoezi peke yangu kwenye ukuta wa choo cha nje, wapangaji wakiwa ndani wanapiga kelele. Niliuita Sumu. Katika mipira kumi, mmoja ulifanya nilichotaka. Tisa iliyobaki niliihesabu kuwa ya kupasha mkono.

Kocha aliuona mara moja tu. "Huo bado mbichi," alisema. "Rusha ule wako. Ule wako unatosha."

Kutosha! Mtu ambaye mgongo wa mwenzake umebandikwa sebuleni kwao hataki kuambiwa kwamba anatosha.

Mwaka uliofuata tulipanda ndege kwenda kusini mwa Afrika. Mechi ya pili ilifika mwisho tukiwa tunaongoza kidogo. Ilibaki ova moja, yaani mipira sita, na wapinzani walihitaji mikimbio tisa, ndiyo pointi za kriketi, washinde. Kapteni wetu akanipa mpira. Nikatazama pembeni, kocha amesimama na makubazi yake, anaonyesha kwa vidole: ule wako, ule wako.

Nikarusha Sumu.

Mpira ulimpita mpigaji juu ya kichwa, ukampita mdakaji wetu wa nyuma, ukaendelea na safari hadi kwenye kamba ya mpaka. Wakapewa mikimbio mitano bila hata kuinua gongo. Na sheria ya kriketi ni kwamba mpira mpana namna hiyo hauhesabiwi, lazima uurudie. Kwa hiyo nikawa bado nina mipira sita, na wao wanataka minne tu.

Mtu mwenye akili angeacha. Mie niliona kwamba Sumu inahitaji tu kurekebishwa kidogo. Nikairusha tena, ikaenda pembeni, mkimbio mmoja kwao. Mpana. Nikairusha tena. Mpana. Wanataka miwili, na mie bado nina mipira sita. Kapteni akanijia, akanishika bega. "Dada, tafadhali," alisema. Nikaogopa, nikaachana na Sumu, nikarusha mpira wa kawaida, tena wa upole, ulionyooka, wa kumfundishia mtoto. Mpigaji akaupeleka nje ya kamba kama anayefagia ua. Mechi ikaisha. Katika ova nzima nilirusha mpira mmoja halali, na huo ndio uliotuua.

Wenzao wakaingia uwanjani wakikumbatiana. Wangu walisimama wakiitazama kamba ya mpaka. Nami, katikati yao, sikujua niweke wapi uso, nikaanguka chini na kushika goti.

Mechi ilishaisha, mpira ulishakufa, sikuwa nimegusana na mtu, nilikuwa nimesimama tu, halafu nikaumia. Lakini watu wana huruma. Mama wa huduma ya kwanza akaja mbio na sanduku lake, wakanipulizia dawa ya baridi, wakanibeba. Watazamaji wakapiga makofi. Yalikuwa makofi makubwa kuliko yote niliyowahi kupigiwa.

"Lipi?" kocha aliuliza nilipofikishwa kivulini.

"La kulia," nikasema.

Kesho yake uwanja wa ndege nilikuwa nachechemea vizuri tu, nimeegemea toroli. Kocha alinisogelea, akainama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Leo naona ni la kushoto."

Sikurudi mazoezini tena. Hakuna aliyenifukuza. Walipiga simu wiki kadhaa, nikasema goti, wakasema pole, halafu simu zikakoma.

Basi goti hilo nikaishi nalo miaka kumi na minne, na lilinitendea mema mengi kuliko kriketi yenyewe. Nilipata kazi kwenye ofisi ya wakala wa forodha Kurasini, na kabla ya mwezi kwisha kila mtu alijua kwamba mie ningekuwa mbali, ila goti. Nilikuwa na kiti changu chenye mto. Ghala letu liko ghorofa ya juu, sikuwahi kulipanda, walipanda wenzangu. Kanisani wenzangu wakipiga magoti, mie niliketi. Siku moja mchungaji aliniita mbele, akaniwekea mikono, usharika mzima ukaliombea lile goti kwa machozi. Niliporudi kwenye benchi sikujua nitembeeje. Nikitembea vizuri, ni muujiza, nitaitwa kutoa ushuhuda. Nikichechemea, nimewavunja moyo. Nikaamua kuchechemea kidogo.

Mume wangu nilimpata na goti likiwa tayari lipo. Ni mwalimu wa jiografia, mtu wa Same, mpole, mwenye kuamini anachoambiwa. Siku za mwanzo kabisa alinishika mkono kuvuka mtaro, akasema, "Taratibu, goti." Ningemwambia siku ile ingekuwa kichekesho cha dakika mbili. Nikaacha iwe hivyo. Tulipohamia Kibamba akawa ndiye anayebeba madumu ya maji, kila asubuhi, kabla hajaenda shule, kwa miaka tisa ya ndoa. Nami nasimama mlangoni namwambia, "Pole baba."

Kisha likatokea jambo la mwezi wa tatu mwaka huu. Nilikuwa mezani kwangu ofisini, mara nikasikia mtu mapokezi anasema, "Assalamu alaikum, nimekuja kufuatilia masanduku." Sauti ile niliijua kabla sijainua kichwa. Kocha alikuwa amezeeka, amepungua mwili, ila makubazi yalikuwa yaleyale kwa jinsi nilivyoyaona. Alikuwa ameletewa masanduku matano ya vifaa vya kriketi, msaada kwa ajili ya wasichana anaowafundisha, nayo yalikuwa yamekwama yadi.

"Shikamoo kocha."

"Marahaba." Akanitazama. "Loo! Mwanangu! Kumbe ndipo ulipo?"

Bosi wetu, mama mchangamfu asiyejua kunyamaza, akatoka ofisini kwake. "Ndiye kocha mwenyewe? Karibu mzee, karibu! Huyu mwenzetu sie tunamsikia tu. Eti mzee, kama si lile goti, si angekuwa mbali sana huyu?"

Kocha aligeuka akanitazama. Mie nikatazama kalenda ya ukutani. Nilisoma sikukuu zote za mwaka.

"Goti," kocha akasema taratibu. "Eeh. Lile goti lilitunyima mengi."

Bosi akasikitika, akaniagiza nimsindikize mzee mpaka yadi nimsaidie kukagua mzigo wake. Malori yalikuwa yamejipanga, vumbi limetanda, na kocha anatembea mbele yangu bila haraka. Nikagundua nusu ya njia kwamba nimesahau kuchechemea. Nikaanza. Kocha hakugeuka, akasema, "Acha bwana. Tuko wawili tu."

Masanduku yalikuwa juu ya lori. Kijana wa yadi anayenifahamu akaniwahi. "Sista, we kaa hapo, ntapanda mie. Goti hilo."

"Mwache apande," kocha akasema.

Nikapanda. Niliweka mguu kwenye tairi, nikajivuta, nikafika juu kwa mara moja, na kijana yule akabaki ameshika kalamu yake. Nikafungua sanduku la kwanza. Ndani kulikuwa na mipira mipya, myekundu, imefungwa mmojammoja kwa karatasi. Ile harufu ya ngozi ikanipanda kichwani. Nilikaa na mmoja mkononi muda mrefu kuliko inavyohitajika kwa ukaguzi.

"Shuka urushe," kocha akasema. "Lile tairi pale."

Kulikuwa na uchochoro kati ya makontena, na mwisho wake tairi kuukuu limeegemezwa. Mpira wa kwanza uligonga ubavu wa kontena, mlio wake ukawatoa watu kwenye chai. Wa pili ulipita juu. Wa tatu uligusa chini, ukageuka, ukaingia katikati ya tairi. Mawakala walioshika vikombe wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

"Sista," kijana wa yadi akaniuliza, "kumbe goti lishapona?"

Ningeweza kusema eeh. Muujiza wenyewe ulikuwa umeshaandaliwa, hata mchungaji angefurahi. Lakini kocha alikuwa amesimama pale.

"Halijawahi kuuma," nikasema.

Akacheka akidhani natania, akarudi kwenye karatasi zake. Nikaketi na kocha juu ya sanduku. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote, ambalo kusema kweli sikuliona kuwa swali, maana jibu nilikuwa nalo. "Kocha, ningerudi mazoezini baada ya ile siku, ningefika wapi?"

Akavua kofia, akajifuta jasho. Alifikiri kweli, kama mtu anayeulizwa kipuri kama kipo.

"Ungecheza miaka mitatu. Labda minne," akasema. "Halafu wapigaji wangekuzoea. Ule mpira wako ulikuwa mzuri, wallahi, lakini ulikuwa mmoja. Wangekuja wasichana wengine, ungekaa benchi kidogo, ungeolewa."

"Ndiyo basi?"

"Ulitaka nini?"

Miaka kumi na minne nilikuwa najiona mtu aliyezika hazina kubwa. Kumbe nilichozika ni miaka mitatu, labda minne, na benchi.

"Usinune," akasema. "Mie mwenyewe niliitwa timu ya taifa mara moja. Nikatolewa mpira wa kwanza kabisa, hata jasho sijatoka. Sikuitwa tena. Nikarudi dukani nikauza breki."

"Hukuwaga na aibu?"

"Nilikuwa nayo. Mpaka leo ninayo. Lakini mipira inauzwa, uwanja upo, nikaona heri niwe na aibu huku nacheza." Akavaa kofia yake. "Ulinikasirisha sana, mwanangu. Si kwa ile ova. Ova kila mtu anaharibu. Nilikuwekea nafasi yako msimu mzima."

Hilo sikulijua. Nikaomba radhi, akasema tumalize karatasi, jua linawaka.

Mume wangu nilimwambia Jumapili mchana, tumemaliza kula. Nilikuwa nimepanga kulisimulia kwa kuchekesha, na mwanzoni alicheka kweli, hasa nilipofika kwa mchungaji. Halafu akaacha. Akauliza, "Kwa hiyo unaweza kupanda mlima?"

"Naweza."

"Tangu zamani?"

"Tangu zamani."

Akatazama dirishani. Ndipo nikakumbuka. Tulipokuwa tunatafuta kiwanja Kibamba tulionyeshwa viwili, kimoja juu kilimani, chenye upepo na mwono wa mbali, kingine huku chini tulipo, tambarare, ambako mvua ikinyesha vyura wanakuja mpaka barazani. Yeye amekulia milimani Upareni. Siku ile alisimama juu ya kile kiwanja akifumba macho kwa raha. Kisha akafumbua, akautazama mguu wangu, akamwambia dalali, "Hapana. Tuchukue cha chini. Mke wangu goti."

Hakugomba. Siku tatu alisema nami yale ya lazima tu, chumvi, funguo, kuku. Madumu ya maji aliyaacha mlangoni matupu, nikayabeba mwenyewe, na majirani wakatoka kunitazama. Jumapili iliyofuata nilipiga magoti kanisani pamoja na wengine, mchungaji akainua mikono juu, ikabidi baada ya ibada nimfuate ofisini nikamweleze. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimewahi kuombewa kwa ajili ya kusema uongo. Nikasema bado. Akasema tuanze.

Ofisini nao nikawaambia. Bosi alicheka mpaka akakohoa, kisha akanipa kazi za ghalani mwezi mzima.

Siku hizi Jumamosi niko uwanjani na kocha, Temeke, nawafundisha wasichana kuzungusha mpira. Waliponiuliza nilishawahi kufika wapi, niliwasimulia ova ile mpira kwa mpira. Walicheka sana, kuliko nilivyotarajia, na mmoja wao akataka nimwonyeshe Sumu inavyorushwa. Nikakataa. Akajifundisha mwenyewe. Yeye katika kumi anapata sita, na kocha akimwona ananikonyeza.

Mume wangu alikuja Jumamosi iliyopita kwa mara ya kwanza, akakaa pembeni na madaftari yake ya kusahihisha. Nilitaka kumwonyesha kitu. Nikamrushia yule binti mpira wangu mzuri kabisa, ule unaotosha. Akausubiri ugeuke, akaupiga. Ulipita juu yetu sote, juu ya ukuta, ukaangukia uani kwa watu, tukasikia sufuria.

Wasichana wakashangilia. Mume wangu alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye madaftari. "Sasa hapo wewe ndiye umeshinda?" akaniuliza.

"Hapana," nikamwambia. "Hapo nimepigwa."

Akatikisa kichwa kama anayeandika jambo moyoni, akaniuliza kama mechi bado inaendelea. Nikamwambia inaendelea, ila mpira hatuna. Nikazunguka ukuta mbio, nikasimama mbele ya geti la bati, nikabisha hodi, na ndani mama mmoja akajibu kwa hasira, "Karibu! Na uje na sufuria!"